Orodha ya sumu melini: nani aihakiki, na lini?

Meli chakavu haipelekwi kuvunjwa kama chuma kitupu. Mabomba yake ya mvuke huenda yamezungushiwa asbesto (nyuzi za madini za kuzuia joto, ambazo vumbi lake husababisha saratani), vifaa vyake vya umeme huenda vina mafuta yenye PCB (kemikali za sumu zisizooza kwa urahisi) na rangi yake huenda ina madini ya risasi. Mkataba wa Hong Kong, wa kimataifa kuhusu uvunjaji salama wa meli, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Juni 26, 2025, unamtaka mwenye meli awe na orodha ya vitu hivyo. Kinachobishaniwa sasa ni kiasi gani serikali iikague orodha hiyo kabla ya kuiamini.

Wanaotaka serikali zikaze wana ushahidi wa manowari mbili pacha zilizobeba ndege za kivita, Clemenceau na Foch. Clemenceau ilipokuwa njiani kuelekea kuvunjwa Alang, India, makadirio ya asbesto iliyosalia ndani yake yalipishana kutoka makumi ya tani hadi mamia, na Februari 2006 Rais Jacques Chirac akaamuru irudishwe Ufaransa. Foch ilikuwa imenunuliwa na Brazil mwaka 2000 na kuitwa São Paulo. Agosti 2022 ilivutwa kuelekea kuvunjwa Aliağa, Uturuki, na hati yake ilitaja asbesto isiyofika tani 10. Kwa meli iliyojengwa kwa ramani ile ile ya pacha wake, tarakimu hiyo ilipaswa kumshtua afisa yeyote aliyeisoma.

Kosa la namna hiyo si lazima liwe la udanganyifu. Gasketi (kizibo cha kwenye kiungo cha bomba) yenye asbesto huwezi kuitofautisha kwa macho na isiyo nayo. Inabidi ikatwe kipande, kipande kifungwe vizuri na kupelekwa maabara, ilhali meli kubwa ina maelfu ya viungo vya mabomba, vingine nyuma ya kuta zisizofunguliwa kwa miaka mingi. Anayelipia kazi hiyo ni mwenye meli, ambaye kila sampuli inampunguzia faida ya mauzo.

Hata hivyo, wanaoonya dhidi ya ukali nao wana hoja nzito, na kisa ni kile kile. Uturuki ilifuta kibali chake cha kuipokea São Paulo meli ikiwa bado baharini. Ikarudi Brazil, ikanyimwa bandari, ikazungushwa kwa miezi kadhaa, na Februari 2023 jeshi la majini la Brazil likaizamisha katika Atlantiki pamoja na sumu yake. Tena sheria ikibana upande mmoja, wamiliki hukimbilia mwingine: Umoja wa Ulaya hulazimisha meli zenye bendera za wanachama wake kuvunjwa katika karakana zilizoidhinishwa tu, na baadhi ya wamiliki hubadili bendera, yaani nchi ya usajili, wakachukua ya Komoro au Palau, kabla ya kuuza.

Kwa maoni yangu Uturuki haikukosea kukataa, ilichelewa. Kibali kilitolewa kwa kutegemea karatasi, na shaka ikafanyiwa kazi meli ilipokwisha kung'oa nanga. Uhakiki ungefanywa gatini, na serikali inayoiachia meli, wakati bado kuna mahali pa kuirudisha. Mkataba umezipa meli za zamani hadi 2030 kuandaa orodha zao, isipokuwa zikienda kuvunjwa mapema, kwa hiyo muda wa kukata sampuli bila haraka upo. Ajabu ni kwamba manowari zimeachwa nje ya Mkataba huo: serikali zimejisamehe sharti ambalo meli zao zenyewe zilionyesha linahitajika.