Mwambie mchoraji jambo moja, kisha mwache

Ukutani kwangu, juu ya meza ya chakula, kuna mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nene ya A3. Marehemu baba yangu amekaa nyuma ya meza ya magazeti, kona ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mguu wake wa kulia umechomoka kwenye ndala na kukanyaga mguu wa kushoto. Mbele yake wamejazana watu wa kwenye vibonzo, walevi, wahuni, mama mwenye nyumba, kitoto chenye kichwa kikubwa, wanagombea jarida moja, kila mmoja anatafuta ukurasa aliochorwa yeye. Baba hana habari nao. Anahesabu chenji.

Nimeshaagiza michoro mitano kwa wachoraji wa katuni, wa hapa na wa nje. Huu ndio pekee ambao wageni husimama kuutazama, na ndio niliotoa maelekezo machache kuliko yote. Haikutokana na busara yangu. Mchoraji ndiye aliyeyakataa.

Ni mzee wa Mbagala, alichora kwenye majarida ya vibonzo miaka ya 80 na 90, na ameniomba nisimtaje jina. Siku niliyokwenda kwake nilibeba picha nne za baba na karatasi yenye mambo kumi na matatu: shati liwe la mistari, magazeti yapangwe hivi, nyuma waonekane fulani na fulani, jua litokee upande huu. Nikamwamkia, akanikaribisha barazani, akaisoma ile karatasi mpaka mwisho, akaikunja mara mbili na kuiweka chini ya kikombe cha chai.

"Mwanangu, baba alikuwa anakaa vipi?"

Nikasema alikuwa anakaa kwenye kigoda, kawaida tu.

"Na akichoka?"

Hapo nikanyamaza. Sikuwahi kujiuliza. Kisha nikauona ule mguu, jinsi alivyokuwa akiuvua ndala mchana jua likiwaka na kuukanyagisha juu ya mwenzake. Nikamwambia. Akauliza chenji baba alikuwa anairudishaje. Nikasema alikuwa anaihesabu mara mbili, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti ili mteja asikie. Mzee akasema, "Basi, nimempata. Njoo baada ya wiki mbili." Katika zile picha nne alibakiza moja tu, ya pasipoti, kwa ajili ya masikio.

Sasa nieleze mchoro ulioko kabatini. Miaka michache kabla ya hapo nilimpata mchoraji mmoja wa Marekani ambaye kazi zake nilizipenda tangu nikiwa chuo. Alikuwa amefungua nafasi za oda. Nikalipa dola 200, pesa niliyoidunduliza miezi minne, na kwa kuwa ilikuwa pesa nyingi kwangu, nikataka kila senti ionekane. Nikaandika kurasa mbili. Shujaa asimame hivi, mkono wa kushoto uwe hivi, joho lipepee kuelekea huku, mji wa nyuma uwe na maghorofa na mwezi mpevu. Nikaambatanisha na picha sita za mfano. Mchoro ulifika baada ya miezi kumi na mmoja, umefungwa vizuri kati ya makadibodi mawili, na kila nilichokitaja kilikuwemo. Joho, mwezi, maghorofa. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe. Ile mistari yake ya haraka, inayokwenda kama imekasirika, ambayo ndiyo iliyonifanya nimpende, sikuuona hata mmoja. Alikuwa ametekeleza agizo. Simlaumu. Nilimfunga mikono, kisha nikasikitika kwamba hakunipungia.

Naamini hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na naandika kwa sababu naona vijana wengi sasa wanaanza kuagiza michoro na wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi. Tunadhani tunanunua picha iliyokwisha kuwa kichwani mwetu, na mchoraji ni mtu wa kuitoa tu. Kama picha imeshakamilika kichwani mwako, humhitaji mchoraji wa katuni. Huyu kazi yake ni kuamua: msomaji aangalie wapi kwanza, kipi kiachwe, ni sekunde ipi ya tukio ichorwe. Ukimwamulia yote hayo, umelipia wino.

Wapenzi wa katuni wa Marekani wameagiza kwa miaka mingi na wengine wamelijua hili vizuri. Wapo wakusanyaji ambao oda yao ni sentensi moja: chukua jalada fulani maarufu la zamani, unichoree kilichotokea dakika moja baadaye. Basi. Kwenye jalada shujaa amezingirwa, hana pa kutokea; dakika moja baadaye ni mali ya mchoraji. Wengine hutembea na daftari la kuchorea lenye mada moja, mhusika yule yule, kila ukurasa umechorwa na mkono mwingine. Ukilifungua daftari kama hilo humtazami tena mhusika, unatazama jinsi watu kumi wanavyouona uso mmoja. Hata wachapishaji wameiona hamu hiyo, wanatoa matoleo yenye jalada jeupe tupu ili mtu ampelekee mchoraji ampendaye amchoree.

Rafiki yangu anayeishi Minneapolis huenda kwenye matamasha ya katuni, wachoraji wakiwa wamekaa safu kwenye meza zao. Bei huwa zimeandikwa: kichwa peke yake, mpaka kifuani, mwili mzima, na mtu wa pili ana bei yake. Kwa wachoraji wenye jina, orodha ya siku hujaa mapema asubuhi. Yeye akifika mezani huuliza swali moja: ni mhusika gani unatamani kumchora na hakuna anayekuomba? Anasema nyuso zao hubadilika. Mtu aliyeombwa Batman kutwa nzima anaambiwa achague. Mara ya mwisho alichorewa jambazi mmoja wa daraja la tatu ambaye hata mimi sikumjua, na ni mchoro wenye furaha mpaka unaiona kwenye kona za karatasi.

Ufaransa wana desturi nyingine. Kwenye matamasha ya katuni kama la Angoulême, lililoanza mwaka 1974, unanunua kitabu, unapanga foleni, na mchoraji anakuchorea kwenye ukurasa wa mwanzo bila kukutoza. Naiheshimu desturi hiyo, ina upendo ndani yake. Lakini mtu anainama mezani saa baada ya saa kwa ajili ya foleni isiyoisha, na baadhi ya vitabu hivyo vinaingia sokoni mtandaoni kwa bei ya juu kwa sababu ya mchoro ambao yeye hakulipwa. Hapo mimi nasimama na Wamarekani. Mkono ukifanya kazi, ulipwe.

Na ukishalipa, omba jina lako liandikwe. Wakusanyaji wengine wanakataa, wanasema jina linapunguza thamani siku ya kuuza. Mchoro wa baba yangu una maneno chini, upande wa kushoto, yanayosema kwa nani na kwa ajili ya nani. Sitaki mtu mwingine aweze kuununua bila kukutana na jina la baba.

Jambo jingine ambalo sikulijua mpaka niliposhika karatasi yenyewe mkononi ni jinsi mchoro halisi ulivyo tofauti na kilichochapwa. Gazeti hulainisha kila kitu, weusi wote unakuwa weusi mmoja. Kwenye karatasi unaona wino ulipokolea na ulipokauka brashi ikikwaruza. Chini ya wino kuna penseli ambayo raba haikuimaliza. Na kwenye mguu wa baba, ukiuinamisha mchoro dhidi ya dirisha, kuna rangi nyeupe ya kufutia: mzee aliuchora mguu ukiwa umenyooka, akaufuta, akaukunja zaidi. Yaani hata baada ya kuambiwa, alitafuta. Nikiutazama ule weupe namwona mzee wa Mbagala amekaa usiku na nibu yake anamtafuta baba yangu.

Karatasi kama hizo zimepotea nyingi. Nilimuuliza mzee kama anazo kurasa zake za wakati ule, akasema hana hata moja. Zilikwenda kwa mpiga chapa na hakuna aliyefikiri kuzirudisha. Karatasi ikishapigwa picha kazi yake imekwisha. Hata Jack Kirby, aliyeshiriki kuumba nusu ya mashujaa wanaojaza majumba ya sinema leo, alipigana na kampuni ya Marvel miaka ya 80 ili arudishiwe michoro yake, na mwaka 1987 alipata kurasa zipatazo 2,000 kati ya zaidi ya 10,000 alizowachorea. Leo dunia imeamka. Januari 2021 mchoro mmoja wa mwaka 1936 wa Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, uliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 3, na Januari 2022 ukurasa mmoja wa Spider-Man uliochorwa na Mike Zeck uliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 3. Sisi tuliokua tukiwasubiri Lodi Lofa na Ndumilakuwili kwenye jarida la vibonzo la Sani, karatasi halisi za kwetu ziko wapi? Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wa Sani, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Frank Odoi, Mghana aliyewachorea Wakenya kwa zaidi ya miaka thelathini, alifariki Nairobi mwaka 2012 kwenye ajali ya matatu. Kwa hao hakuna tena wa kumpelekea oda. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema anampenda mchoraji fulani wa zamani, namuuliza kama ameshakwenda kumwona.

Akienda, aende na kianzio. Wachoraji wetu wamechoshwa na maneno mawili, "nichoree tu, dakika mbili" na "nitakutangaza." Mzee alinitoza shilingi 150,000, nusu kabla hajagusa penseli, na sikupunguza hata mia. Najua upande wa pili upo. Nami nimewahi kumtumia kijana mmoja shilingi 60,000 kwa simu na sikumwona tena, wala yeye wala mchoro. Iliniuma. Tangu hapo naandikiana na mchoraji ujumbe wa simu wenye tarehe, ukubwa wa karatasi na kiasi kilichobaki, na hakuna aliyewahi kukasirika kwa hilo. Lakini nilichokiona Mbagala siku ya kuchukua mchoro kiliniuma zaidi ya zile elfu sitini.

Mzee aliingia ndani kutafuta bahasha kubwa, akatoka na sanduku la bati, lile tulilokuwa tunakwenda nalo shule za bweni. Lilikuwa limejaa michoro. Bibi harusi aliyeshika ua lenye meno. Mtoto wa darasa la kwanza na begi kubwa kuliko yeye. Kikongwe anayecheza bao na kifo, na kifo kinaonekana kinazidiwa. Zote ni oda. Watu walikuja wakaeleza, wakaacha kianzio, wakasema watamalizia mwisho wa mwezi, na miezi ikapita. Nyingine zina vumbi la miaka.

Nikamuuliza kwa nini haziuzi. Alinitazama kama nimesema jambo la ajabu.

"Harusi ya mtu nitamuuzia nani?"

Sikuwa nimeliona hilo. Seremala ukimkimbia, kabati lako litapata mteja mwingine. Mshona nguo atapunguza kiuno aweke dirishani. Mchoro wa oda hauna mteja wa pili duniani. Mama yule yule, kibiongo kile kile, ndala ile ile. Ukiutelekeza, mchoraji amebaki na mgeni ndani ya nyumba ambaye hawezi kumfukuza wala kumpeleka kokote.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na konda wa daladala. Ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja, noti zimepangwa kati ya vidole vya mkono wa pili, mdomo wazi anaita abiria, na abiria wote dirishani wamechorwa wakiwa na sura yake, wanene kwa wembamba, wanawake kwa wanaume. Nyuma ya karatasi kuna namba ya simu iliyoandikwa kwa penseli. Mzee ameshaipiga mara nyingi, haipatikani. Nilimwambia nitatoa bei yote, laki na nusu, siku hiyo hiyo, kwa sababu ni mchoro mzuri kuliko hata wa kwangu na hakuna mtu anayeutazama mle ndani.

"Mwenyewe kalipa kianzio," alisema, akamrudisha konda chini kabisa alikomtoa, akafunga sanduku.