Eti Pemba si karafuu tu?

Kuna mtu kwenye grupu letu katuma orodha ya sehemu za kwenda kuangalia ndege Tanzania. Serengeti ipo, Manyara ipo, Natron ipo, hata Unguja kaitia, Pemba hakuna. Namuuliza, ananijibu "Pemba si karafuu tu?" na vikatuni vya kucheka. Haya bwana.

Ngoja niseme polepole. Pemba ina ndege wanne ambao dunia nzima huwapati kwengine: ninga wa Pemba (yule njiwa wa kijani), chozi wa Pemba (kile kinachonyonya maua), bundi wa Pemba, na kile kijidege cha manjano ambacho jicho lake limezungushiwa duara jeupe. Unguja na mahoteli yake yote haina hata mmoja wa kwake peke yake! Sababu ni bahari, zama zile maji yaliposhuka Unguja ilikuwa imeshikana na bara, viumbe vikaenda na kurudi vinavyotaka, lakini kati ya Pemba na bara kuna mkondo wa mamia ya mita kwenda chini, kwa hiyo waliofika huku wakabaki huku mpaka wakawa aina yao wenyewe.

Natron sawa, heroe (flamingo) wanavyojaa kule siwezi kubisha. Ila heroe hao hao wapo mpaka India.

Sasa tuje kwa bundi maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Huyu bundi hafiki hata sentimita 20, chakula chake kikubwa ni wadudu, na mbali na msitu anaishi hata kwenye mikarafuu yetu, yaani mpangaji asiyesumbua mtu. Lakini akilia tu usiku, basi kuna mgonjwa anakufa, kuna mchawi katumwa. Mjomba wangu mpaka leo akimsikia shambani anasoma dua halafu anatafuta jiwe. Mjomba, dua nimekubali, jiwe la nini? Mtu anapanda ndege kutoka Ulaya, anashuka, anapanda boti, anatapika njia nzima, ili amsikie huyo huyo unayemrushia mawe! Na akiisha hapa ndiyo kaisha, hakuna pa kwenda kuazima mwengine.

Kwa anayetaka kwenda, ni Ngezi, kaskazini magharibi, unapita Konde kama unakwenda ufukwe wa Vumawimbi. Ndiyo msitu mkubwa wa asili tuliobakiwa nao, sehemu kubwa iliyobaki ilishageuzwa mashamba ya karafuu tangu enzi za masultani. Chukua mtembezaji wa pale pale msituni, ingia jioni, subiri giza, utasikia "hu" moja moja, na mara nyingi mwenzake anamjibu. Tochi usimmulike usoni muda mrefu. Chozi na kile cha manjano wala usihangaike, hao utawaona hata bustanini Wete umekaa unakunywa chai. Ninga ndiyo mtihani, kijani ndani ya kijani, tafuta mti wenye matunda yaliyoiva ukae chini yake. Na vaa mikono mirefu, mbu wa Ngezi hawajui kama wewe mgeni.