Voyager na ubishi wa "vya zamani vilidumu"

Mpelekee fundi yeyote wa Mwanjelwa redio iliyokufa, na kabla hajafungua skrubu ya kwanza utasikia hukumu: vya zamani vilitengenezwa vidumu, vya leo vinatengenezwa vife. Vijana wanaosomea uhandisi hapa Mbeya huiongezea hoja hiyo ushahidi kutoka mbali kabisa: Voyager 1 na Voyager 2, vyombo ambavyo Marekani ilivirusha mwaka 1977, na karibu nusu karne baadaye vilikuwa bado vinatuma ishara kutoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka juani.

Ushahidi wenyewe si wa kupuuzwa. Pioneer 10, chombo kilichowatangulia, ilipopita karibu na sayari ya Mshtarii mwaka 1973 ilikuta mionzi mikali kuliko ilivyotarajiwa, na waliokuwa wakiunda Voyager wakaimarisha kinga ya vifaa vyao. Kompyuta ziliwekwa mbili mbili, moja ikisubiri nyenzake ife. Umeme hautoki kwenye paneli za jua, maana huko jua ni hafifu mno. Unatokana na joto la plutoniamu-238, metali yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 87.7. Mtambo huo hauna kinachozunguka wala kusagika.

Lakini tusiishie hapo. Kazi rasmi ya vyombo hivyo ilikuwa kuzitazama Mshtarii na Zohali, basi. Tena mapema Aprili 1978, hata mwaka haujaisha tangu kirushwe, kipokezi kikuu cha redio cha Voyager 2 kilikufa. Cha akiba nacho kilikuwa kibovu: kasoro ya kapasita, kijenzi kidogo cha kutunza chaji ya umeme, ilikifanya kishindwe kufuata masafa (frikwensi) ya ishara yanapobadilika. Tangu hapo, kila amri inapotumwa, wahandisi hupiga hesabu ya masafa ambayo kipokezi kitakuwa kinasikiliza, wakizingatia mwendo wa dunia na hata joto la chombo chenyewe, kisha wanayalenga hayohayo. Kwa maoni yangu, hapo hatusifu tena uimara wa chombo. Tunawasifu watu wanaomjua mgonjwa wao.

Novemba 2023 Voyager 1 ikaanza kutuma takwimu zisizosomeka. Chipu moja ya kumbukumbu ilikuwa imekufa, na programu iliyokuwa ndani yake ikapotea nayo. Hakukuwa na nafasi moja ya kuitosha mahali pengine, kwa hiyo wahandisi wakaikatakata na kuitawanya kwenye mapengo ya kumbukumbu iliyobaki. Amri ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu muda uleule kurudi. Mnamo Aprili 20, 2024 chombo kikaeleza tena hali yake kwa lugha inayoeleweka. Hebu fikiria kazi hiyo kama michoro na maelezo ya miaka ya 1970 yangekuwa yametupwa.

Wapo wanaosema yote haya ni ubishi wa gharama bure: tuunde vyombo vidogo, vya bei nafuu, vingi, vikifa turushe vingine. Wana hoja. Mwaka 2018 vyombo viwili vya MarCO, kila kimoja saizi ya begi la mkononi, vilipeleka duniani habari za kutua kwa chombo cha InSight kwenye Mirihi, na muda mfupi baadaye vikanyamaza. Kazi ilikuwa imekwisha. Kudumu nako kuna bei yake: Voyager 2 hupokea amri kutoka kwa antena moja tu, ile ya mita 70 iliyoko Canberra, Australia. Ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2020, kwa miezi kadhaa chombo kilisikika bila kuweza kupewa amri za kawaida.

Kwa Mirihi niko upande wao. Kwa kule mbali, kalenda inawakatalia. New Horizons, chombo cha Marekani, iliondoka Januari 2006 kwa kasi kubwa, na bado ilichukua miaka tisa na nusu kuifikia Pluto. Voyager 1 ilihitaji miaka 35 kuvuka mpaka wa upepo wa jua. Chombo cha miaka miwili kitakufia njiani. Ndiyo maana wahandisi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walipopendekeza chombo cha kwenda nje ya mfumo wa jua, walikipangia miaka 50, na suala la kizazi kimoja kukikabidhi kingine likawa sehemu ya usanifu.

Suala hilo hatuhitaji kwenda angani kuliona. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Voyager kuruka. Madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako bado yapo; kilichoyumba ni injini, vipuri na matengenezo.

Kwa hiyo ningependa vyuo vyetu vibadili namna ya kupima miradi ya wanafunzi. Leo mtambo ukiwaka siku ya maonyesho, alama zimepatikana, na mwezi ujao uko stoo. Mradi wa mwaka wa nne upewe darasa linalofuata pamoja na michoro yake, na alama za mwisho zitolewe pale wageni watakapoweza kuutengeneza bila kumpigia simu aliyeuunda. Watakaolalamika kwamba wanahukumiwa kwa kazi ya wengine watakuwa na haki kiasi, na sijui njia ya kuwaridhisha wote.