Wauguzi hawakudhalilishwa

Mwandishi, katika makala yako umesema Carry On Nurse, ile filamu ya vichekesho ya Uingereza ya mwaka 1959, ni filamu ya kuwadhalilisha wauguzi. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Itazame tena uone nani anachekwa: ni wagonjwa! Mwigizaji Charles Hawtrey yuko kitandani na spika za masikioni, anaongoza okestra ya redioni kwa mikono. Wengine wanathubutu kumpasua mwenzao wenyewe usiku, gesi ya kuchekesha ikawalevya wote.

Na yule Kanali anayeigizwa na Wilfrid Hyde-White, mwenye chumba chake peke yake, anabonyeza kengele kutwa nzima kana kwamba wauguzi ni watumishi wa nyumbani kwake. Ndiyo maana mwishoni wanamlaza kifudifudi na kumwekea ua la dafodili pale nyuma panapowekwa kipimajoto. Metroni, yaani muuguzi mkuu, anayeigizwa na Hattie Jacques, anapoingia wodini kila mtu ananyooka, hata wajeuri. Hiyo ni heshima. Halafu Norman Hudis, aliyeandika mswada wa filamu, mkewe alikuwa muuguzi. Makala ndefu namna hii, mbona hilo hukuligusa?