Rafiki Yangu Hakuomba Somo la Malezi

Kuna swali ambalo rafiki yangu ameulizwa kuhusu mwanawe mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ninaliona likija kabla muulizaji hajafungua kinywa: «Lakini mbona anaonekana mzima tu?» Hivi karibuni swali hilo lilikuja na nyongeza. Mtoto wake, ambaye alithibitishwa kuwa na hali ya Asperger (aina ya usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo), aliziba masikio na kupiga kelele vipaza sauti vilipowashwa ghafla katika sherehe, na mtu mzima mwenye heshima zake akatangaza mbele ya meza nzima kwamba mtoto yule hana tatizo lolote ila amedekezwa. Rafiki yangu alitabasamu tabasamu la mtu aliyechoka kujieleza, akamchukua mwanawe, akaondoka. Mimi nilibaki na hasira, na nimeamua kuiandika.

Tuanze na historia, kwa kuwa wanaomtuhumu mama wanadhani wamegundua jambo jipya. Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, na mwaka uliofuata daktari wa watoto Hans Asperger, ambaye hali hii ilipewa jina lake, akachapisha maelezo yake mjini Vienna, Austria. Haikuchukua muda kabla wataalamu hawajaanza kumtafuta mkosaji, na wakampata kwa urahisi. Kanner mwenyewe aliandika kuhusu wazazi wasio na uchangamfu, kisha mwandishi Bruno Bettelheim akaieneza dhana hiyo kwa nguvu zaidi, hata akina mama wakafananishwa na majokofu, kana kwamba mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa joto la mzazi. Wanawake wengi walilala na kuamka na hatia ambayo haikuwa yao. Aliyeivunja hoja hiyo kwa kitabu kizima mwaka 1964 alikuwa mwanasaikolojia Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, na leo inajulikana wazi kwamba mchango mkubwa unatokana na urithi wa kibiolojia, wala si namna mtoto anavyobebwa au kubembelezwa.

Sasa mtazame huyu wa sherehe. Zamani mama alishtakiwa kwa ubaridi. Leo anashtakiwa kwa kudekeza. Mashtaka yamegeuzwa juu chini, ila mshtakiwa ni yuleyule, na hukumu hutolewa na mtu aliyekaa na mtoto kwa muda usiozidi sahani moja ya chakula. Ningependa kujua ni kiwango gani hasa cha mapenzi ambacho mama anaruhusiwa kumpa mwanawe ili majirani waridhike.

Nakiri, bila furaha kubwa, kwamba hali hii ni rahisi kutoaminiwa. Mtoto mwenye Asperger kwa kawaida hachelewi kuzungumza. Pengine anazungumza kuliko wenzake, na anaweza kukueleza habari za pete za sayari ya Zohali mpaka ukatamani kuketi. Lakini mtoto huyohuyo ukimwambia asubiri dakika moja, atahesabu sekunde sitini, na ya sitini na moja itamkuta amehuzunika kwa sababu umemdanganya. Lebo ya shati inaweza kumkera hadi ashindwe kusikiliza jambo lingine. Safari ikibadilishiwa njia bila taarifa, siku nzima inaweza kuharibika.

Hapo ndipo «kuchapwa kidogo» kunapoonekana dawa kwa wasioelewa. Mtoto anayelilia pipi hukuchungulia kwa jicho moja kuona kama umelegea, na akiipata hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa na sauti, mwanga na umati hachungulii mtu yeyote, na ukimpa pipi yenyewe huenda asiione. Kumchapa mtoto ambaye tayari anaumizwa na kelele ni kumwongezea maumivu, kisha kushangaa kwamba hatulii. Ndiyo, watoto hawa nao hudeka wakati mwingine, kama watoto wote, na wanahitaji mipaka. Rafiki yangu anaijua tofauti hiyo kwa sababu anaishi nayo, nami naona anastahili kuaminiwa kabla ya mgeni wa saa moja.

Wanaoendelea kusambaza hadithi kwamba chanjo husababisha usonji wajue kwamba makala ya mwaka 1998 iliyoianzisha ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Wapo pia wanaomkatiza mama ili kumsahihisha kwamba Asperger «haipo tena». Ni kweli kwamba tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeiingiza hali hiyo ndani ya wigo wa usonji, na ni kweli pia kwamba utafiti umeonyesha jinsi Hans Asperger alivyoshirikiana na utawala wa Wanazi, jambo linalowafanya wengi walikwepe jina lake. Ni mjadala wenye uzito. Mama aliyepokea majibu ya daktari juzi si mtu wa kufunguliwa mjadala huo.

Basi rafiki afanye nini? Kwanza aache kusema «ukihitaji chochote niambie». Sentensi hiyo humpa mtu aliyechoka kazi nyingine: atafute anachohitaji, apime kama ni kikubwa mno kukuomba, kisha ajipe ujasiri wa kuomba. Sema badala yake kwamba Jumamosi saa nne utakaa na mtoto wake mkubwa ili yeye aende kliniki na mdogo, na saa nne hiyo uwe mlangoni. Endelea kumwalika hata akikataa mara nyingi, na mwaliko wako ueleze watakaokuwapo, kama kutakuwa na muziki, na kwamba kuna chumba kitulivu ambacho mtoto anaweza kukimbilia bila kuomba ruhusa. Usimlazimishe mtoto akumbatie watu au akutazame machoni. Zungumza naye kwa maneno yanayosema unachokusudia; mimi mwenye ulimi huu wa kejeli nimelazimika kujifunza upya kuzungumza, na nadhani hata watu wazima wamefaidika.

Naomba pia tuache kumfariji mama kwa kumwambia kwamba huenda amezaa Einstein. Mtoto hahitaji kuwa gwiji ili avumiliwe. Zaidi ya hayo, rafiki yako hakugeuka kuwa faili la matibabu: muulize kuhusu kazi yake, mchekeshe, mgombane kuhusu siasa kama zamani. Akitaka kulia kwa sababu ya mwanawe, mwache alie bila kumkumbusha kushukuru. Akitaka kukusimulia kwa fahari kwamba leo mtoto ameweza kuonja chakula kipya, furahi naye kwa dhati, maana huenda ameisubiri siku hiyo kwa miezi.

Kazi iliyobaki iko katika nyumba zetu wenyewe, kwa kuwa watoto wetu ndio watakaokaa naye darasani kila siku. Waelezwe kwamba mwenzao akiziba masikio hafanyi mzaha, kwamba kumwita kwa jina la utani asilolipenda ni uonevu, na kwamba masharti ya mchezo yakibadilishwa katikati, aliyeyabadilisha ndiye mwenye wajibu wa kueleza. Watoto huelewa haya haraka. Wangu walielewa kabla sijamaliza maelezo, wakauliza tu kama wangeweza kumwalika aje awafundishe kuhusu Zohali.