Kabla Hujamwachia Fundi Elfu Thelathini Akupigie Windows 11

Desemba iliyopita dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya meza ya fundi. Microsoft walikuwa wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yake ilikuwa ikimwonyesha matangazo ya kumhimiza ahame. Fundi alimpa njia mbili: “Mwalimu, mashine hii imeshapitwa. Tafuta nyingine, ama niachie elfu thelathini nikupigie Windows 11 kwa njia zetu.” Nilimwomba dada aichukue kompyuta yake aondoke nayo, na mpaka leo zile “njia zetu” hazijanitoka kichwani.

Mashine yenyewe haina ubaya. Ni mtumba wa ofisi za Uingereza alioununua Kariakoo, ina prosesa ya Core i5-6300U na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, na kwa miaka minne imemtungia mitihani, imemjumlishia alama za wanafunzi na kumfungulia ESS na PEPMIS, mifumo ya mtandaoni ya watumishi wa umma, bila kugoma. Kosa lake liko kwenye ile namba 6 inayofuata kistari, ambayo ndiyo kizazi cha prosesa. Windows 11 inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno, na ijapokuwa RAM inayotakiwa ni GB 4 tu, wingi wa RAM hauokoi prosesa iliyokwisha kukataliwa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba masharti hayo hayakutungwa bila sababu. Kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho Microsoft wanakidai pia, hutunza funguo za siri mahali ambapo programu haribifu haizifikii kirahisi, na Windows 10, iliyotoka Julai 2015, imehudumiwa kwa miaka 10, muda ambao si haba.

Hata hivyo, tunapojiuliza kama tuhame au tubaki, tunaitazama namba ya Windows na kusahau viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu ya programu, ambavyo ndivyo vinavyoamua kama kompyuta ya zamani bado inafaa kutumika. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kuvuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza. Sehemu kubwa ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Wenye kompyuta hizo walikuwa na toleo halali lenye huduma, lakini kiraka hawakukiweka, na hilo peke yake lilitosha kuwaangusha.

Sasa zitazame “njia zetu” kwa jicho hilo. Fundi anauruka ukaguzi wa prosesa, ilhali Microsoft wenyewe wameandika kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina hakika ya kupata masasisho. Kisha anaweka kraki, programu ya kufungulia leseni bila kuilipia, na kwa kuwa kingavirusi huitambua kraki kama kitu cha hatari, anakizima kwanza. Mwisho anayazima masasisho yote, ili kraki isianguke na bando la mteja lisiishe. Mteja anaondoka na skrini nzuri yenye menyu katikati, akiamini kwamba amehamia penye usalama, na usiku uleule anafungua akaunti ya benki na taarifa zake za mshahara katika mashine isiyo na mlinzi. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu anayefanyiwa hivyo ni mtu aliyeifuata huduma kwa nia njema na akailipia.

Hoja ya bando naielewa, maana masasisho ya Windows hula data nyingi. Lakini mtu anaweza kuyapakua kwa Wi-Fi ya kazini mara moja kwa mwezi, na hilo ni afadhali kuliko kuyazima milele.

Linaloniuma zaidi nililigundua tulipoifungua kompyuta ya dada. Mitumba mingi ya maofisini huja na leseni halali iliyohifadhiwa ndani ya ubao wa mashine, na ya kwake ilikuwa nayo, ila fundi wa awali alikuwa ameifuta Windows 10 Pro iliyokuja nayo na kuweka toleo la Enterprise lenye kraki. Tulipakua Windows 10 Pro kutoka tovuti ya Microsoft, tukaiweka upya, na ilipopata intaneti ikajiidhinisha yenyewe. Baada ya hapo tuliisajili kwa viraka vya mwaka wa nyongeza, vinavyoendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Wanaotaka kulipia hulipa dola 30, lakini sisi hatukulipa kitu, kwa kuwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft huvipata bure. Fedha zilikwenda kwenye SSD, diski ya kisasa yenye kasi, tuliyoiweka mahali pa diski ya zamani, na sasa mashine inawaka upesi kuliko siku aliyoinunua.

Mwenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi ahamie Windows 11 leo; kama Windows 10 yake ina leseni halali, ni bure. Mhasibu mwenye mashine ya zamani anayeitegemea Tally, programu ya uhasibu ya Windows, aanze kuweka akiba ya kompyuta nyingine.

Kwa dada, baada ya Oktoba 2026 itakuwa Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ambayo inaridhika na RAM ya GB 4 na inaendelea kupokea viraka bila kuuliza kizazi cha prosesa. Tumeiweka kwenye flashi, naye ameshaiwasha mara tatu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Printa ya shule imekubali, na projekta pia. Yamebaki majedwali yake ya Excel ya alama, yenye fomula alizozitunga kwa miaka, ambayo anayajaribu kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Excel, darasa moja kila wikendi. Kidato cha pili kimekwisha, na jumla zote zimetoka sawa.