Mgeni aambiwe kabla hajaingia majini

Kila mwaka Pasaka ikikaribia mimi huwa na wasiwasi, maana ndio wakati Mombasa inajaa wageni kutoka bara na ndio wakati huohuo wale ndege wa ufukweni, chamchanga na sululu, wako mbioni kula wajaze mafuta mwilini kabla hawajaondoka. Huku kwetu kaskazi inakatika na masika yako njiani, kule Siberia wanakoenda kutaga baridi ndio inaanza kulegea. Maelfu ya kilomita kwa mabawa yale! Sasa mtoto akiwakimbiza mara tano sita asubuhi moja sisi tunacheka tunachukua video, lakini kila wakiruka wanatumia mafuta yaleyale waliyoyahangaikia, na nafasi yao ya kula ni fupi kwa sababu maji yakijaa chakula chote kimefunikwa.

Hifadhi yetu ya bahari hapa Mombasa ipo tangu 1986 na wageni wengi wanaingia bila hata kujua wameingia, baharini hakuna ua wala geti.

Pasaka iliyopita ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, maji yamekupwa mbali kabisa, nikakuta kijana wa bichi amemtoa kiti cha pweza majini, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mwekundu mkubwa, anapitishwa mkono kwa mkono watu wapige picha. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, mrudishe huyo," anapumua kwa ngozi yake na vile vimiguu vyake, humu mikononi anakosa pumzi. Akanijibu kwa adabu tu, "Mama, mgeni akinuna mimi leo nitalipwa na nani?" Na swali lake ni la haki, ana watoto wa kulisha. Lakini mama mmoja mgeni alikuwa amesikia, akamwita mwanawe, mtoto akamweka kiti cha pweza chini polepole kwenye kidimbwi halafu akachuchumaa pale, sijui dakika kumi, anamwangalia akitembea. Aliposimama akauliza kama kuna mwingine. Hakuna aliyenuna, na kijana alilipwa.

Ndio maana nasema sisi watu wa pwani tunakosea tunapodhani kumkirimu mgeni ni kumpa kila anachotaka kushika. Mgeni akija kwako hujamwambia bafu liko wapi na ngazi gani imevunjika, huyo umemkaribisha kweli? Baharini ni vilevile. Mwambie avae sandak, matumbawe yanakata na wale wanyama weusi wenye miiba mirefu wanachoma vibaya. Mwambie asikanyage matumbawe, ni wanyama hai, na mwaka 1998 bahari ilipopata joto yalikufa mengi sana pwani hii, hayo tunayoyaona yamechukua miaka kurudi. Zaidi ya yote mwambie habari za maji kujaa, maana hapa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita hivi na hayapandi sawasawa, saa ya tatu na ya nne ndio yanakwenda mbio, na hayaji kwa mbele tu kama mtu wa bara anavyodhani. Yanajaza kwanza ule mkondo ulio nyuma yako. Mtu yuko kwenye fungu la mchanga anapiga picha, akigeuka njia ya kurudi imeshakuwa maji ya kifuani na ana mtoto begani. Nimeyaona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara moja na moyo haujazoea.

Na usiku taa za ufukweni jamani zipunguzwe, kasa wachanga wakitoka mchangani wanafuata panapong'aa, na panapong'aa panatakiwa pawe bahari, sio baa.

Mimi naomba dakika tano tu. Mwenye boti lenye kioo chini kabla hajang'oa nanga, askari wa hoteli pale kwenye geti la kutokea ufukweni, kijana wa bichi anayewapeleka watu mwambani: maji yanaanza kujaa saa ngapi, nini hakishikwi, ndege wakiwa wametulia pamoja wageni wapite mbali nao. Kwa Kiswahili, kwa Kizungu, hata kwa ishara. Bamvua inayokuja ni mwezi kumi na nne, yaani mwezi ukiwa mpevu, na mimi nitakuwa pale ufukweni Nyali asubuhi mapema kabla maji hayajageuka, anayetaka tusaidiane kuwaambia watu aje na kofia na maji ya kunywa.